Namna ya Kusoma Taarifa ya Mwaka ya Mbio za Mbwa New South Wales

Mwaka wa fedha nchini Australia hufungwa tarehe 30 Juni, na miezi michache baadaye vyombo vinavyosimamia mbio za mbwa aina ya greihaundi katika jimbo la New South Wales hutoa taarifa zao za mwaka. Macho ya wengi hukimbilia mapato, zawadi na idadi ya mbio. Ni haki ya mwananchi kuyajua hayo, lakini kwangu mimi, mtaalamu wa afya ya wanyama, swali la kwanza kuhusu mwaka wowote wa mbio ni hili: kila mbwa aliyeacha kukimbia mwaka huo yuko wapi sasa?

Tangu tarehe 1 Julai 2018 kazi imegawanywa kati ya vyombo viwili. Greyhound Racing NSW huendesha upande wa biashara, yaani ratiba, zawadi na viwanja, na Greyhound Welfare and Integrity Commission, iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 2017, husimamia leseni, nidhamu na ustawi wa mbwa. Inafaa kuzisoma taarifa za vyombo hivyo viwili sambamba, kwa sababu ongezeko la mbio ambalo upande wa biashara hulihesabu kuwa mafanikio linamaanisha pia kwamba mbwa wamepitishwa kwenye kona za uwanja mara nyingi zaidi.

Kuhusu fedha nitasema machache. Sehemu kubwa ya mapato hutoka kwenye kamari, wala si kwa watazamaji wanaolipa kiingilio. Mkataba wa mwaka 1997, uliowekwa kwa miaka 99, uligawa mgao wa kamari kati ya mbio za farasi wa kupandwa, farasi wa kukokota vigari na mbwa, na mbwa wakapata kiasi cha asilimia 13 tu. Baadaye zikaja ada wanazotozwa wachezesha kamari kwa kutumia orodha za washiriki wa mbio. Mwaka 2012 Mahakama Kuu ya Australia ilithibitisha uhalali wa ada za namna hiyo katika mashauri yaliyohusu mbio za farasi. Ndiyo maana mapato yanaweza kupanda huku majukwaa ya uwanja yakiwa karibu matupu, na ndiyo maana ratiba hujaa: kila mbio ni nafasi moja zaidi ya kuweka dau. Mashindano makubwa kama Million Dollar Chase, yaliyoanzishwa mwaka 2018 katika uwanja wa Wentworth Park yakiwa na zawadi ya dola milioni 1 za Australia kwa mshindi, huvuta macho, lakini mbwa wengi hukimbia siku za kawaida kwa zawadi ndogo mno.

Tuje kwenye majeraha, ambako takwimu huhitaji uangalifu. Idadi tupu ya mbwa walioumia haimwambii msomaji jambo la maana mpaka igawanywe kwa idadi ya mikimbio. Mkimbio mmoja ni mbwa mmoja kushiriki mbio moja, hivyo mbio yenye mbwa wanane ni mikimbio minane. Majeruhi wakipungua kwa sababu tu mvua imefuta mbio nyingi, usalama haujaongezeka hata kidogo. Kipimo kinachofaa ni majeraha kwa kila mikimbio 1,000, nacho kitenganishwe kwa uzito, kwa maana msuli uliovutika unaopona kwa mapumziko ya siku chache hauwezi kuwekwa kapu moja na mguu uliovunjika. Taarifa za New South Wales hupanga majeraha kuanzia madogo hadi yale yaliyosababisha mbwa kufa au kuuawa uwanjani ili asiteseke. Lakini mbwa anayetoka uwanjani akiwa hai na mguu uliovunjika, kisha akauawa siku tatu baadaye, anaweza kukosekana katika safu hiyo ya mwisho. Mtafute kwenye jedwali la vifo vya nje ya uwanja.

Jeraha moja nilieleze kwa karibu. Mbwa hawa huzunguka uwanja kinyume cha mwendo wa saa, kwa hiyo kila kona huwapindisha kushoto. Mbwa anapoingia kona kwa kasi inayokaribia kilomita 60 kwa saa, mguu wake wa nyuma wa kulia, ulio upande wa nje, husukuma mwili usichepuke, na upande wa ndani wa kifundo cha mguu huo hubanwa kwa nguvu kubwa. Humo kuna mfupa wa kati, mdogo, ambao ndio huvunjika mara kwa mara. Mfupa ni kitu hai: ukibanwa kila wiki hujijenga upya na kuwa mgumu zaidi, lakini asipopewa mbwa mapumziko ya kutosha, nyufa ndogo hujilimbikiza kuliko uwezo wa mwili kuziziba. Siku unapovunjika mbele ya watu, mara nyingi ulikwisha kudhoofika wiki nyingi kabla, bila mbwa kuchechemea kwa namna ya kuonekana.

Uchunguzi wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Sydney uliotolewa mwaka 2017 ulionyesha jinsi mbwa wanavyobanana na kugongana wanapoikaribia kona ya kwanza. Miongoni mwa yaliyopendekezwa ni kupunguza washiriki kutoka wanane hadi sita na kujenga viwanja vilivyonyooka. Katika taarifa ya mwaka, tazama ni mbio ngapi zilizokuwa na mbwa sita. Hatua hiyo haihitaji kusubiri ujenzi wowote.

Sasa nirudi kwenye swali langu la mwanzo. Mwaka 2015 televisheni ya taifa ya Australia, ABC, ilifichua wakufunzi waliotumia wanyama hai kama chambo cha kuwafundishia mbwa. Tume iliyoongozwa na Michael McHugh, jaji mstaafu wa Mahakama Kuu, ikafanya uchunguzi na kutoa ripoti mwaka 2016. Ilikadiria kwamba kati ya mbwa 97,783 waliozalishwa katika jimbo hilo kwa miaka 12, kati ya 48,891 na 68,448 waliuawa kwa sababu hawakuwa na kasi ya kutosha au hawakufaa kukimbia. Hao hawakufa kwa ajali ya uwanjani. Mwezi Julai mwaka huo kiongozi wa serikali ya jimbo, Mike Baird, alitangaza kupiga marufuku mbio hizo, na mwezi Oktoba akaghairi.

Hesabu ile ilipatikana kwa makadirio kwa sababu hakukuwa na daftari lililomfuata mbwa mmoja mmoja tangu kuzaliwa hadi kufa. Kwa hiyo taarifa inayosema mbwa kadhaa wamepata makazi mapya inatupa nusu ya habari. Mwaka 2024, aliyekuwa daktari mkuu wa mifugo wa Greyhound Racing NSW alitoa tuhuma nzito, zikiwemo za upotoshaji wa takwimu za mbwa waliopatiwa makazi. Mtendaji mkuu akajiuzulu na serikali ikaanzisha uchunguzi mwingine.

Msomaji anaweza kuipima taarifa yoyote kwa hesabu ya kalamu na karatasi. Chukua idadi ya mbwa waliokuwa kwenye daftari mwanzoni mwa mwaka, ongeza watoto waliozaliwa na mbwa walioletwa kutoka nje ya jimbo, kisha toa waliokufa, waliohamishwa na waliokabidhiwa kwa familia. Jibu linapaswa kulingana na idadi ya mwisho wa mwaka. Kwa mfano wa kubuni, ikiwa jibu ni mbwa 5,000 na daftari linaonyesha 4,700, wapo mbwa 300 wanaopaswa kutafutwa mmoja mmoja kwa namba ya chipu iliyo chini ya ngozi. Tazama pia waliokabidhiwa kwa familia: wangapi wamechukuliwa kweli, na wangapi wamebaki na wamiliki wao walewale wakiandikwa kuwa wastaafu. Wa kundi hili la pili bado wamo ndani ya mabanda ya kufugia, na mwaka unaofuata watahitaji chakula, matibabu na mtu wa kuwahesabu.