Dawa ya bustani haimalizi magugu yote

Wengi huamini kwamba fundi wa bustani akishapulizia dawa mara moja, magugu yote yamekwisha na watoto wanaweza kurudi kucheza kwenye nyasi papo hapo. Mambo hayako hivyo. 2,4-D, dawa ya magugu inayotumika tangu miaka ya 1940, huua magugu ya majani mapana na kuacha nyasi; ndago, gugu linalofanana na nyasi, kwa kawaida husalimika. Chimbua shina moja la ndago uone: chini kuna viazi vidogo vyeusi vilivyoungana kama shanga, na hivyo ndivyo huchipua upya.

Kuhusu usalama, mwombe fundi chupa yenyewe usome lebo: kiambato, kipimo, muda wa kutokanyaga. Angalau dawa ikauke kabisa kwenye majani kabla watoto hawajarudi kucheza. Akikataa kuionyesha, mimi simruhusu apulizie.