Mseja wa makamo katika mji mdogo: maneno ya watu na hali halisi

Ukifikisha miaka 45 huna mwenza, na unaishi mahali ambapo watu wanakutambua kwa mwendo kabla hawajauona uso wako, ushauri utakufuata hata usipouomba. Mwingi unaishia kwenye neno moja: hama. Mimi sikuhama. Nimeyasikia hayo maneno miaka kadhaa sasa, na mengi hayana mashiko.

"Mji mdogo hauna watu."

Kwa mapenzi, sibishi. Wasio na wenza wa rika lako unaweza kuwamaliza kwa vidole, na baadhi yao mlishajaribiana mkashindwana. Urafiki una hesabu nyingine. Robin Dunbar, mwanasaikolojia wa Oxford, anakadiria kuwa mtu humudu mahusiano kama 150 kwa wakati mmoja, na wale wa ndani kabisa huwa kama 5. Kuishi kwenye jiji la watu milioni moja hakukuongezei hata mmoja kwenye hao watano.

Ukaribu huletwa na kuonana tena na tena. Mwaka 1992 watafiti Moreland na Beach walieleza jaribio walilofanya na wanawake wanne kwenye darasa la chuo kikuu: mmoja hakuhudhuria hata siku moja, wengine walihudhuria mara 5, 10 na 15. Hawakuzungumza na mtu. Mwisho wa muhula wanafunzi walionyeshwa picha zao, na kadiri mwanamke alivyoonekana mara nyingi ndivyo walivyovutiwa naye zaidi. Jijini lazima upange ili uonane na mtu yuleyule mara 15. Huku kwetu inatokea yenyewe, mradi utoke ndani.

"Ukivuka 40, marafiki wapya hawapatikani."

Hii ndiyo inayowakatisha watu tamaa kuliko zote, maana inaonekana kuthibitishwa na maisha yenyewe. Unajiunga na kikundi, unaenda wiki tatu, hakuna aliyekukaribia, unarudi nyumbani ukisema umri umeshapita.

Umri hauna kosa hapo. Ni saa ambazo hazijatimia. Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas aliwauliza watu waliohamia mahali papya jinsi urafiki wao ulivyokua. Alikuta kwamba kutoka kufahamiana tu hadi urafiki wa kawaida huchukua kama saa 50 za kuwa pamoja, na urafiki wa karibu huhitaji zaidi ya saa 200. Sasa piga hesabu ya kikundi kinachokutana saa mbili kwa wiki: saa 50 ni karibu nusu mwaka, saa 200 ni karibu miaka miwili. Ulipokuwa mwanafunzi ulizipata kwa muhula mmoja bila kuhesabu. Kwa hiyo wiki ya tatu hata nusu ya njia ya kwanza hujafika.

Niliingia kwaya. Miezi miwili ya mwanzo nilikuwa "yule wa sauti ya pili", jina hakuna. Wiki ya kumi na moja nilichelewa kwa sababu ya mvua, nikapata ujumbe kutoka kwa mwenzangu tuliyekuwa tukikaa jirani: "Unakuja? Kiti chako nimekiwekea mkoba." Nilipofika, mkoba ulikuwepo kweli, mweusi, umevimba, umekaa kama mtu. Sijui kwa nini lilinigusa vile.

Lakini kukaa jirani peke yake kusingetufikisha mbali. Hall anaonya kwamba saa za kazini au darasani hazina uzito sawa na saa za kupumzika pamoja. Sisi tulianza kuwa marafiki siku alipohitaji mtu wa kumshikia upande wa pili wa kinanda hadi nyumbani kwake. Tulipumzika njiani mara nne. Kwa hiyo ukipata nafasi ya kubeba kitu na mtu, beba.

"Wenye ndoa ndio wenye watu, mseja yuko peke yake."

Mwaka 2006 wanasosholojia Naomi Gerstel na Natalia Sarkisian walieleza hali ilivyo Marekani: waliooa na kuolewa ndio wanaowatembelea na kuwasaidia wazazi, ndugu, majirani na marafiki kidogo kuliko waseja. Ndoa hula muda. Na kama hofu yako ni afya, uchambuzi wa Julianne Holt-Lunstad na wenzake wa mwaka 2010, uliokusanya tafiti 148, ulikuta uhusiano na watu unaendana na kuishi muda mrefu zaidi, ila kipimo kilichokuwa dhaifu kuliko vyote ni kile cha kuuliza tu kama mtu anaishi peke yake. Chenye nguvu zaidi kilikuwa upana wa kushiriki kwake na watu wa namna mbalimbali.

Lipo lalamiko moja la haki: viti hupangwa viwili viwili, na mseja anasahaulika. Nimeacha kusubiri. Ninaalika mimi, nyumbani kwangu, na ninapanga viti nitakavyo.

"Wangenitaka, wangeniita."

Wenyeji wa mji mdogo wana ndugu zao hapo hapo na waliosoma nao tangu utotoni. Hawakukatai, hawafikirii tu kwamba una nafasi. Na wewe unajipunja. Mwaka 2018 Erica Boothby na wenzake walionyesha kuwa baada ya mazungumzo na mtu mgeni, wengi hudhani wamependwa kidogo kuliko walivyopendwa kweli.

Basi anza wewe, na uite sawasawa. "Tuonane siku moja" ni salamu tu, haina tofauti na kwaheri. "Jumamosi saa kumi natembea hadi darajani, tufuatane?" ni mwaliko: una siku, una saa, na mtu anaweza kukataa bila kuvunja chochote.

"Intaneti imemaliza tatizo." Inasaidia kujua nani anafanya nini na lini. Baada ya hapo ni miguu yako.

"Kila mtu atajua mambo yako."

Kweli, watajua. Dunbar huyohuyo alisikiliza maongezi ya watu akakuta karibu theluthi mbili ni habari za watu, ila kusemana vibaya ni sehemu ndogo tu. Kubwa zaidi kwangu ni hili: mji mdogo hauna mlango wa nyuma. Uliyeachana naye utamkuta kwenye kamati, na uliyemkosea Jumatatu atakuwa mbele yako kwenye foleni Jumatano. Ndiyo maana urafiki usioniendea vizuri siukati, naupunguza: kila wiki inakuwa kila mwezi, kisha inabaki salamu ya barabarani. Nina watu wanne wa hivyo sasa. Mmoja wao ndiye aliyenisukumia gari mwaka jana lilipokataa kuwaka.