Algoriti ni nini, na kwa nini si Python wala TikTok

Kijana anayeuza mashati Mwembe Tayari, Mombasa, anarusha video TikTok. Watazamaji wakiwa haba, analalamika kuwa algoriti imemzima. Jirani yake akipata watazamaji wengi, husemwa algoriti inampenda. Hayo nayasikia kila siku na huwa nanyamaza. Lililonifanya niandike ni la wanagenzi wa kompyuta, vijana walioanza juzi kujifunza kuandika programu, wanaposema "nasoma algoriti ya Python", ilhali Python ni lugha ya kuandikia programu, na asiwepo wa kuwasahihisha. Muuza mashati akilikosea neno, biashara yake inaendelea. Mwanagenzi akilikosea, anaweza kumaliza miezi akikariri alama za lugha na bado akakwama siku atakapopewa kazi ndogo ya kuitengenezea programu.

Maana yenyewe ni fupi. Algoriti ni utaratibu wa hatua zilizo bayana na zenye kikomo, unaoanzia kwenye kile ulichopewa ukakufikisha kwenye jibu. Hauhitaji umeme. Euclid, mwanahisabati wa Kiyunani, aliandika mmoja miaka zaidi ya 2,200 iliyopita, wa kutafuta namba kubwa kabisa inayozigawa namba mbili bila baki, na programu za leo bado zinautumia.

Sasa jina la algoriti, lililotokana na la mtu, maana hapo ndipo penye ushahidi. Muhammad bin Musa al-Khwarizmi alikuwa mwanachuoni wa Baghdad mwanzoni mwa karne ya 9, zama za Khalifa al-Ma'mun, katika ile Bayt al-Hikma, Nyumba ya Hekima. Al-Khwarizmi ni nisba: mtu wa Khwarazm, nchi ya kusini mwa Bahari ya Aral ambayo leo imegawanyika kati ya Uzbekistan na Turkmenistan. Mtu wa Mombasa hahitaji maelezo marefu hapa. Mshihiri ameitwa hivyo kwa bandari ya Shihr, Mshirazi kwa mji wa Shiraz, na huyu kwa Khwarazm.

Aliandika kitabu cha kufundisha hesabu kwa tarakimu za Kihindi, ndizo hizi zetu za 0 hadi 9, pamoja na ile sifuri ambayo hata jina lake tumelipata kwa Waarabu. Nakala ya Kiarabu imepotea. Kilichobaki ni maandiko ya Kilatini yatokanayo na tafsiri za karne ya 12, na moja linaanza kwa maneno "Dixit Algorizmi", yaani amesema al-Khwarizmi. Wasomaji wa Ulaya wakalizoea jina, wakasahau kuwa ni la mtu, wakaiita hivyo hesabu yenyewe. Kwa muda mrefu neno lilimaanisha tu kuhesabu kwa tarakimu hizo kwa kalamu, badala ya kusogeza vijiwe kwenye ubao. Baadaye likapanuka, likawa ni utaratibu wowote wa kukokotoa. Kompyuta zilipokuja katika karne ya 20 zililikuta neno limeshazeeka. Python yenyewe ilitolewa na Guido van Rossum mwaka 1991.

Kitabu chake kingine, cha mnamo mwaka 820, ndicho kilichotupa neno aljebra. Wengi wanalijua hilo. Wachache wanajua kwamba sehemu kubwa ya kitabu kile ni masuala ya wasia na mirathi. Alikuwa akiwaandikia watu waliohitaji kugawa mali, kupima ardhi na kufanya biashara. Kwa hiyo mfano wa algoriti hatuna haja ya kuuagiza kutoka mbali. Tuchukue huo huo wa mirathi ya Kiislamu, ambao Mombasa tunauona kwa Kadhi na majumbani.

Mtu amefariki. Wazazi wake walishatangulia. Ameacha mke mmoja, wana watatu wa kiume na binti mmoja, na mali ya shilingi 1,000,000. Kwanza zinatoka gharama za mazishi, tuseme 40,000. Kisha deni lake, 240,000. Zimebaki 720,000. Kisha wasia, usiozidi thuluthi ya kilichobaki. Aliusia 80,000, haujazidi, unatolewa. Zimebaki 640,000. Mke, kwa kuwa marehemu ana watoto, anapata thumuni, yaani sehemu moja ya nane, 80,000. Zinabaki 560,000 za watoto, na kila mwana wa kiume ana mafungu mawili, binti fungu moja. Jumla mafungu 7, kila fungu 80,000. Kila mwana 160,000, binti 80,000. Kazi imekwisha.

Umeshaisoma algoriti nzima, na hujagusa kompyuta. Ndani yake mmekuwa na mambo matatu ambayo mwanagenzi atakutana nayo katika karibu kila lugha ya programu. Kuna mpangilio: ukimpa mke thumuni yake kabla ya kulipa deni, utampa 120,000, nawe umewadhulumu wengine. Kuna sharti: kama marehemu ana watoto, mke hupata thumuni, kama hana, hupata robo. Na kuna marudio: kwa kila mtoto, tazama ni mwana au binti, mpe haki yake, nenda kwa anayefuata mpaka waishe. Kila mwalimu wa programu anafundisha mambo haya matatu, mara nyingi kwa mifano ya kuchapisha namba 1 hadi 10 ambayo haimwonyeshi mtu kwa nini mpangilio ni muhimu. Mfano wa mirathi unamwonyesha mara moja, kwa sababu ukikosea hatua kuna mtu anayekosa haki yake.

Huo utaratibu unaweza kuuandika kwa Python, kwa Java, kwa C, au kwa kalamu kwenye daftari. Utaratibu utabaki mmoja. Lugha ni namna ya kuuandika ili mashine iufuate, na kile unachokipata baada ya kuuandika kwa lugha fulani ndicho programu. Ni vitu vitatu. "Algoriti ya Python", kwa hiyo, haina maana iliyokusudiwa. Ipo algoriti ya kugawa mirathi iliyoandikwa kwa Python. Nashikilia tofauti hii kwa sababu makosa ya mwanagenzi ni ya aina mbili, na kila aina ina dawa yake. Akisahau nukta pacha au mabano, ni kosa la lugha, na mara nyingi mashine yenyewe itamwonyesha mstari. Akimpa mke thumuni kabla ya deni, mashine haitasema neno. Itampa jibu, safi na la haraka, na jibu ni la uongo. Anayedhani algoriti na lugha ni kitu kimoja atakaa akitazama mabano yake, wakati tatizo liko kwenye fikra.

Wapo wanaoeleza algoriti kwa kuifananisha na mapishi. Siupendi mfano huo. Mpishi wa pilau akikwambia utie chumvi kiasi, ukoroge mpaka uone imekuwa, wewe uliyekulia jikoni utaelewa, lakini hizo si hatua bayana. Ugumu wote wa mwanagenzi uko kwenye hilo neno "kiasi".

Hata algoriti yetu ya mirathi bado haijakamilika. Ipe wake wawili: thumuni haiongezeki, wanaigawana sawasawa. Ipe mabinti watupu: binti mmoja peke yake hupata nusu, wawili au zaidi hupata thuluthi mbili, na kinachobaki kina wenyewe wengine. Hatua nilizoziandika hazikusema lolote juu ya hayo, na kompyuta haitamwuliza Kadhi. Kuzijaribu hatua zako kwa hali usizozifikiria mwanzo, kwa kalamu, moja baada ya nyingine, ni kazi ya programu hasa. Kijana wa Kisauni asiye na laptopu anaweza kuianza leo kwenye daftari, kwa Kiswahili, na muda atakaoupata saiba, kwenye kompyuta za kukodi, akautumia kujifunza namna Python inavyoandika "kama" na "kwa kila".

Nimrudie muuza mashati, maana naye anastahili jibu la haki. Kinachochagua video zitakazoonekana ni mfumo wa mapendekezo: programu nyingi, kumbukumbu za walichotazama watu na walichoruka, na makadirio ambayo mashine imefunzwa kutokana na kumbukumbu hizo. Algoriti zimo humo ndani, tena si moja, ila hakuna hata moja iliyomjua kijana ikamchukia. Akisema "mfumo haukuisambaza video yangu", amesema sawa, na anaweza kuendelea kuuliza swali lenye manufaa, kwamba watazamaji wake wa kwanza waliiacha video sekunde ya ngapi.

Na wewe unayeanza, ukiulizwa unasoma nini, jibu kwamba unajifunza kuandika programu, na lugha uliyoanza nayo ni Python. Akikuuliza mtu umeshajua algoriti gani, mtajie moja unayoweza kuifuata kwa mkono mpaka jibu, hata kama ni hii ya mke mmoja na watoto wanne.