Uraibu wa njiwa

Semina ilikuwa Arusha, ya siku tatu, nusu ya ukumbi tumetoka Tanzania na nusu Kenya. Mwezeshaji akaanza kama wanavyoanza wote: kila mtu ataje jina, anakotoka, na jambo moja analolipenda nje ya kazi. Zamu ikamfikia kijana mmoja wa Kakamega, mpole, shati limepigwa pasi likanyooka. Akasimama akasema, "Uraibu wangu ni njiwa." Dada wa Dodoma aliyekaa karibu naye akauvuta mkoba wake pajani. Nyuma sauti ikauliza, "Anawavuta au anawatafuna?" Ukumbi mzima ukacheka. Kijana akaketi hajamaliza alichotaka kusema.

Nimezaliwa Mombasa, nimeolewa Dar es Salaam, na kazi yangu ni kuhariri maandishi ya watu wa pande zote mbili. Neno hili uraibu, ambalo kwa Mkenya ni pia hobi, limegongana mbele yangu mara nyingi mno. Kila likigongana, mmoja hucheka na mwingine huaibika, na kwa kawaida wote wawili hawajui wanachekea nini. Basi leo nilieleze.

Hobi ni jambo unalolifanya kwa kulipenda, nje ya kazi yako, hakuna anayekulazimisha, na ukiliacha mwezi mzima kwa sababu ya msiba au safari, utalikumbuka tu. Uraibu ni mazoea yaliyokushika: kitu unachokitumia au kukifanya mpaka mwili au akili inakidai, na kukiacha kunakutesa. Maana ndiyo hiyo, haihitaji ukurasa. Kinachohitaji ukurasa ni vipi neno moja lilifika kwa majirani wawili likiwa na sura mbili.

Tanzania hakuna utata. Mraibu ni mtu aliyeshikwa na dawa za kulevya. Mtaani ataitwa teja, lakini kwenye sheria, hospitali na taarifa za habari ni mraibu, wingi wake waraibu. Mwaka 2011 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilipoanza kutoa dawa ya methadoni kwa watumiaji wa heroini, foleni ile ya asubuhi, watu wanaokuja kila siku kunywa dozi mbele ya muuguzi, ndiyo iliyompa Mtanzania wa kawaida picha ya neno hili. Sasa mtu aliyekua na picha hiyo, mwambie uraibu wako ni kusoma riwaya. Atakuonea huruma kabla hajakuelewa.

Kenya nako kijana yule hakuokota neno jalalani. Alifundishwa darasani. Mwanafunzi wa sekondari anapojifunza kuandika wasifukazi, baada ya elimu na tajriba mara nyingi hukutana na kichwa kidogo kilichoandikwa "Uraibu", na chini yake hutakiwa kujaza: kusoma magazeti, kuogelea, kusafiri. Akiandika vizuri anapewa alama. Jioni hiyohiyo redio inamwambia serikali inapambana na uraibu wa pombe haramu, na hashtuki, kwa kuwa kichwani mwake neno lina vyumba viwili na anajua ni kipi kimefunguliwa. Kwa hiyo wanaosema Wakenya "wamekosea Kiswahili" wapunguze kasi. Hata wao wakifuata nyayo za neno hili kurudi nyuma, watafika mahali ambapo halikuwa na ubaya wowote.

Mahali penyewe ni kwenye kijaluba cha bibi, kile kikasha chake kidogo cha tambuu.

Kwa watu wa pwani wa zamani, uraibu ulikuwa kitu cha kushikwa mkononi. Ulikuwa tambuu na viandamani vyake: jani la mtambuu linapakwa chokaa, linawekwa popoo iliyokatwakatwa, katu, tumbaku kwa anayeitaka, pengine na iliki au karafuu ya kutia harufu, kisha linakunjwa na kutiwa shavuni. Huo mkusanyiko wenyewe uliitwa uraibu. Bibi yangu hakusema "nina uraibu." Alisema "nipe uraibu wangu," na mtoto akakimbia kuleta kijaluba. Mgeni akifika, kabla ya kuulizwa kilichomleta, aliletewa uraibu. Kwenye posa ulikuwepo, kwenye harusi ulikuwepo, na wanawake wakikaa kusukana nywele ulizungushwa kama leo tunavyozungusha bisi.

Kutoka kwenye kitu, neno likasogea likawa jina la mazoea ya kukitumia, halafu mazoea ya kutumia kitu chochote cha namna hiyo, tumbaku, ugoro, buni. Hapo ndipo naona mimi njia zilipoachana, kwa sababu ule uraibu wa bibi ulikuwa na pande mbili tangu mwanzo. Ulikuwa starehe, kitu cha kukaa na watu. Na ulikuwa na mshiko: siku za mwanzo za Ramadhani bibi alishinda na kichwa kinamgonga, hasemi na mtu, na sote tulijua dawa yake ni adhana ya Magharibi. (Popoo yenyewe haikuwa na usalama tuliodhani. Mwaka 2004 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliiweka kwenye kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani.) Walioandika vitabu vya shule vya Kenya walichukua ile starehe, jambo ulipendalo ukilirudia. Waliokabiliana na heroini Tanzania walichukua mshiko. Kila mmoja aliondoka na nusu ya kijaluba.

Hata hivyo, nikilazimishwa kuchagua, nitachagua upande wa Dar, na sababu yangu ni ya kisarufi. Uraibu una mtu wake: mraibu. Mkenya anayeandika "uraibu wangu ni kuogelea" hawezi kuendelea na sentensi ya pili ikasema "mimi ni mraibu wa kuogelea" bila yeye mwenyewe kusita. Anajua amevuka mpaka. Hobi haina mtu. Hakuna mhobi. Neno likikataa kuzaa kwa maana moja na likazaa bila taabu kwa maana nyingine, mimi huisikiliza ile iliyozaa.

Lakini hobi nayo isijidai. Ni neno la Kiingereza, na kwa Waingereza asili yake ni farasi mdogo. Zamani walimwita farasi wa aina hiyo kwa jina la kibinadamu, namna ya kufupisha Robin, kama sisi tunavyoweza kumwita punda Juma. Baadaye jina likahamia kwa farasi wa kuigiza, yule wa ngoma na yule wa watoto: fimbo yenye kichwa cha farasi, mtoto anaipitisha katikati ya miguu na kukimbia nayo uani. Kutoka hapo likawa jambo mtu analolipanda kila siku bila kufika popote. Kwa hiyo aliyeipa hobi jina lake alikuwa akiicheka. Alikuwa anamwambia mtu mzima, wewe na vipepeo vyako ulivyovibana kwenye kadibodi, ni mtoto na fimbo.

Waarabu walilitafutia neno kwao. Hobi wanaiita hiwaya, kutoka shina la hawaa, yaani pendo, matamanio. Hawaa hiyo sisi tunayo tangu zamani, ila tumeipokea mimbarini. Kwa Kiswahili hawaa ni za kuonywa: hawaa za nafsi, mtu kufuata hawaa zake akapotea. Neno lilelile, Mwarabu kalitengenezea nafasi ya kukusanya stempu, sisi tumeliacha kwenye hotuba ya Ijumaa. Ukitazama hivyo, Mkenya aliyeita kuogelea uraibu hakufanya jambo la ajabu sana. Lugha nyingi zikitafuta jina la raha isiyo na faida hupita kwanza mlango wa lawama.

Nikiwa nimesema hayo, ugomvi wangu hasa hauko kwa anayeiita hobi yake uraibu. Huyo anajichafua bure, na kicheko kikiisha mambo yamekwisha. Anayenikera ni yule anayeuita uraibu wake hobi.

Siku hiyohiyo Arusha, watu wanne baada ya kijana wa njiwa, alisimama mwanamume mmoja mcheshi, akasema hobi yake ni mpira. Watu wakaitikia, kila mtu na timu yake. Jioni kwenye chakula nikakaa meza moja naye. Mpira wenyewe hakuutazama. Alikuwa na mkeka, yaani tiketi ya kubashiri, wenye mechi kumi na mbili, baadhi za ligi ambazo nchi zake hawezi kuzionyesha kwenye ramani, na kila dakika mbili anageuza simu kuona matokeo. Mkeka ukachanika saa tatu usiku kwa goli la dakika za mwisho. Akasukuma sahani. Akaniambia mwezi uliopita alicheza ada ya mtoto, akacheka, akasema, "Si unajua tena dada yangu, hobi ni gharama."

Neno lililomfaa lilikuwa lile walilomchekea mwenzake asubuhi.

Hapa wataalamu wametusaidia mipaka. Shirika la Afya Duniani, katika toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa, lililoanza kutumika Januari 2022, linataja kamari na michezo ya video kama mambo yanayoweza kugeuka ugonjwa bila mtu kumeza wala kuvuta chochote. Na halihesabu saa. Linatazama kama mtu bado ana uwezo wa kujizuia, kama jambo hilo limepanda juu ya kazi, familia na usingizi, na kama analiendeleza huku anaona linavyomuumiza. Kwa kawaida hali iwe imeonekana kwa muda wa kama mwaka mzima. Mzee anayecheza bao kila siku kuanzia alasiri mpaka Magharibi, miaka 30, si mraibu. Atanyanyuka adhana ikilia, na kete atazikuta kesho. Yule wa mkeka asingenyanyuka.

Tena sheria isikuchanganye. Miraa Kenya ni zao, inalimwa Meru na kuuzwa hadharani. Ukivuka mpaka kuja Tanzania inaitwa mirungi na ni dawa ya kulevya, ukikutwa nayo unashtakiwa. Jani halikubadilika Namanga. Kuna anayelitafuna siku ya harusi tu na kuna aliyeuza kitanda, na wote wawili watakwambia ni starehe yao.

Sasa tunapoulizwa hobi zetu, na siku hizi tunaulizwa kila mahali, kwenye usaili, kwenye kikundi kipya cha WhatsApp, kwa wakwe, watu huamini jibu litawafichua. Mimi nimesoma wasifu nyingi. Kusoma, kusafiri, kusikiliza muziki. Anayeandika "kusafiri" mara nyingi anamaanisha kwenda kwao Krismasi. Hiyo orodha haimfichui mtu, inamfunika, na ndiyo kazi yake. Kinachomfichua ni lile neno analolichagua na pale anaponyamaza. Mwenye mkeka alichagua neno la heshima. Wa njiwa alichukua neno alilopewa shuleni, akalitaja jambo lake lenyewe, tukamnyamazisha.

Saa nne, wakati wa chai, nilimfuata nikamwambia, "Mdogo wangu, hebu nipe habari za hao njiwa." Akanitazama kwanza aone kama namtania. Kisha hakunyamaza tena mpaka kengele. Anao 40 na kitu, amejenga banda juu ya bati la jikoni kwa mamake. Jike na dume hupokezana kuatamia, dume mchana, jike usiku, na siku 18 hivi mayai hupasuka. Makinda hayapewi nafaka kwanza. Baba na mama wote hutoa kooni mwao kitu kizito kama maziwa, wakawalisha nacho. Aliwahi kuuza jozi mbili kwa mtu wa kijiji cha pili alipokwama nauli, na wiki moja tu baadaye, yule mtu alipowafungulia, walitua kwenye bati la mamake. Ilimbidi awarudishe kwa boda, na nauli ya boda ikala faida. "Mmoja alirudi tena," akasema. "Nikamrudishia yule mtu pesa yake. Sasa ningefanyaje?"

Nikamwambia neno lako si kosa, ila huku lina mzigo mwingine, na nikamweleza ya Muhimbili. Akashika kichwa: "Kumbe! Ndiyo maana yule dada alivuta mkoba." Akaniuliza basi aseme nini, aseme hobi? Aseme hobi akitaka, hakuna atakayemcheka. Lakini bibi yangu, ambaye uraibu wake ulikuwa shavuni, hakuwahi kuhitaji jina la mambo hayo mengine. Alikuwa na kitendo. Akitaka kumjua mtu alimuuliza, "Ukipata nafasi, unafanya nini?"

Kesho yake asubuhi mwezeshaji alirudia kututambulisha kwa ajili ya wageni wawili waliochelewa. Zamu ikamfikia. "Nikipata nafasi," akasema, "nafuga njiwa." Dada wa Dodoma akageuka akamuuliza wanataga mayai mangapi.