Hapana, risotto yako haiendi bufee

Swali lilikuja tena wiki iliyopita, siku ya pili ya safari ya meli ya kitalii, nchi kavu haionekani upande wowote na darasa langu la mapishi la wageni limejaa. Bwana mmoja aliyefunga aproni vizuri kuliko mimi aliinua kijiko cha risotto, wali wa Kiitaliano, aliyoipika mwenyewe, akaonja, akajikubali, kisha akanikonyeza. "Shefu, tukiondoka hapa hii mnaipandisha juu kwenye bufee, siyo?" Meza nzima ikacheka. Mkewe akaongeza lake: "Na vile vilivyobaki jana usiku ukumbi rasmi wa chini navyo vinapanda huko huko."

Nimelijibu swali hili mara nyingi kiasi kwamba naweza kulijibu huku nakoroga sufuria. Safari hii tabasamu liligoma kutoka. Nikasema "hapana" kavu, nikahamia kwenye jibini, na usiku nikakaa kuandika haya, kwa sababu jibu la kweli haliingii kwenye dakika mbili za kuosha sufuria.

La darasani nitalimaliza haraka. Chakula mlichopika kimepikwa na watu 18 ambao nimekutana nao asubuhi hiyo. Nusu yao wameonja kwa kijiko kile kile mara tatu. Hakuna aliyepima joto, hakuna aliyeandika saa, na yule wa kona alimwaga siagi mara mbili ya kipimo kisha akasema ni mkono wake. Kuna mgeni juu ambaye akigusa njugu anavimba koo, na siwezi kumwapia kuwa kijiko cha meza namba 6 hakikupita kwenye bakuli la meza namba 7. Mnachopika mnakila, kisichoisha kinatupwa. Basi.

La mke wake ndilo linalonikera, maana lina chembe ya ukweli ndani yake, na uongo wenye chembe ya ukweli hauondoki kwa kukanusha tu.

Watu wanachanganya vitu vitatu. Cha kwanza ni kiporo: kilichopikwa, kikawekwa mbele ya watu, kikabaki. Cha pili ni chakula kilichopikwa lakini hakikutoka jikoni. Cha tatu ni malighafi iliyobaki baada ya kukata. Jikoni kwetu hivi vitatu vinaishi maisha tofauti kabisa, na kila kimoja kina sheria yake.

Nianze na cha tatu. Fileti ya ng'ombe, ile nyama laini ya mgongo, ina kichwa, kiwiliwili na mkia. Kiwiliwili ndicho kinachotoa steki za duara, zinazolingana kama zimetoka kiwandani, na hizo zinakwenda ukumbi rasmi kwa sababu meza ya watu wanane ikipewa steki nane zisizolingana, wa kwanza kulalamika ni aliyepewa kubwa. Kichwa na mkia ni nyama ile ile ya mnyama yule yule, mbichi, safi, haijaona sahani. Naikata vipande, naitumbukiza kwenye viungo, mchana inachomwa mbele yako kwenye mgahawa wa juu. Hayo ni mabaki? Kama ni mabaki, basi na wewe ukinunua kuku mzima ukala mapaja leo na kidari kesho, kesho unakula mabaki.

Cha pili ndicho kigumu, na hapa nitasema jambo ambalo idara ya mauzo isingependa niliseme: sheria inaruhusu. Meli zinazopakia abiria katika bandari za Marekani zinakaguliwa chini ya mpango wa usafi wa meli wa CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, na mwongozo wake ndio tunaoufuata hata tukiwa mbali na huko, kwa sababu hakuna jikoni lenye akili linalobadili tabia kila likivuka mpaka. Chakula cha moto kikae kwenye 57°C au zaidi. Cha baridi kikae 5°C au chini. Ukitaka kupooza kilichopikwa, kitoke 57 hadi 21 ndani ya saa mbili, kisha kifike 5 ndani ya saa nne zinazofuata. Kikifuata njia hiyo, kikaandikwa tarehe, kinaweza kutumika tena ndani ya siku saba. Kwa hiyo ndiyo, kuku 10 waliookwa jana kwa ajili ya ukumbi, ambao hawakutoka jikoni na walipita kwenye mashine ya kupoozea na kipimajoto kikashuhudia, wanaweza kuwa supu leo. Supu hiyo naweza kuipeleka bufee, au ukumbi rasmi, au kwenye chumba cha mgeni aliyelipa kuliko wote. Haijui daraja la tiketi yako.

Ila kiporo chenyewe, kilichokaa mbele ya wageni, hapana. Trei ikishatoka kwenye bufee haina safari nyingine isipokuwa pipa. Vingine tunaviweka kwa kuhesabu muda badala ya joto: saa nne tangu vitoke kwenye joto salama, saa imeandikwa, na ikifika vinatupwa hata kama trei imejaa na vinang'aa. Nimewahi kutupa trei nzima ya kambakoche dakika chache baada ya saa hizo nne kupita. Kijana aliyekuwa ananisaidia aliniangalia kama nimeichoma fedha. Nilimwelewa.

Na ukaguzi wenyewe hauji na mwaliko. Wakaguzi wanapanda meli ikiwa bandarini, asubuhi, bila taarifa, wanaanza na vipimajoto. Alama ni 100, na ukipata 85 kushuka chini umeanguka, na matokeo yanawekwa hadharani kila mtu ayasome. Mpishi mkuu atakayehatarisha hilo ili kuokoa wali wa jana sijakutana naye. Wavivu nimewaona, na wenye hasira pia. Huyo bado.

Sasa, kwa nini watu waamini mgahawa wa juu ni jaa la ukumbi wa chini? Nadhani ni kwa sababu ya mavazi. Chini unavaa koti, unapewa menyu, mtu anakusogezea kiti. Juu unakuja na kandambili, nywele zimelowa maji ya bwawa, unajichagulia. Mtu anaona kwamba yeye amejiachia, anahitimisha kwamba na mpishi amejiachia.

Ni kinyume chake. Ukumbi rasmi najua nani anakuja na saa ngapi. Oda inaingia, sahani inapikwa, inatoka. Juu sijui kitu. Mvua ikinyesha, watu wote waliokuwa kwenye viti vya jua wanaingia kwa dakika tano. Mabasi ya matembezi yakichelewa bandarini, nina trei za moto na hakuna mlaji, na saa nne zinanisubiri. Mabasi yakirudi yote pamoja, watu wana njaa ya kutembea juani na wanataka kila kitu sasa hivi. Siri ya bufee nzuri ni trei ndogo zinazobadilishwa mara kwa mara, na hiyo maana yake ni mtu anayekimbia kati ya jiko na meza mchana kutwa. Ukiona trei kubwa iliyojaa hadi kingo, hapo ndipo uwe na wasiwasi.

Halafu jioni mahali pale pale panageuka. Kwenye meli za kampuni ya Regent, La Veranda, bufee ya asubuhi na mchana, inakuwa mgahawa wa Kiitaliano uitwao Sette Mari. Silversea nao wana La Terrazza, mchana bufee, usiku Kiitaliano cha kuagiza mezani. Wapishi wana muda mfupi wa kufuta mchana wote na kuanza upya. Ukumbi rasmi haufanyi hivyo kamwe.

Ah, na koleo. Kwenye meli nyingi za kifahari utaona mhudumu anakupakulia badala ya wewe kujipakulia. Si unyenyekevu. Ni norovairasi, kirusi cha kuharisha na kutapisha. Kirusi hicho kinahitaji chembe chache sana kukulaza, na koleo moja la saladi linashikwa na mikono ya kila anayepita. Tafadhali, ile dawa ya mkono mlangoni yenye spiriti haitoshi. Norovairasi haiiogopi vya kutosha. Sabuni na maji. Watu wanajipaka ile dawa kama wanajibariki, kisha wanaenda kushika mkate.

Turudi darasani, maana kuna tusi jingine linaloishi huko: "Hii si kupika, hakuna moto." Wanaitazama ile meza ya kioo yenye namba, wanagonga kwa kidole, wanasikitika.

Ni kweli hakuna moto. Katika meli nilizofanyia kazi sijawahi kuona gesi darasani, na sababu si uvivu wa mhandisi. Moto ndani ya chuma kinachoelea, nyumbani kwa watu maelfu, hauna pa kukimbilia. Mkataba wa SOLAS, ule wa usalama wa maisha baharini, ambao chanzo chake ni kuzama kwa Titanic na toleo lake linalotumika ni la 1974, una sura nzima ya moto. Hata kikaangio cha mafuta kina masharti: vidhibiti viwili vya joto, cha pili kikichukua nafasi cha kwanza kikishindwa, kengele, mfumo wa kuzima, na umeme kukatika wenyewe mfumo huo ukifanya kazi. Ndiyo maana hatukaangi chipsi darasani, kwa wale wanaoniuliza kila wiki.

Lakini kusema induksheni, yaani jiko hilo la kioo, haipiki! Jiko la gesi linapasha sufuria na nusu ya chumba. Induksheni inaifanya sufuria yenyewe iwe ndiyo jiko: sumaku inayobadilika kwa kasi inazua umeme ndani ya chuma, na chuma kinachemka. Ndiyo maana sufuria ya alumini tupu au shaba tupu haifanyi kazi hapo, na ndiyo maana mafuta yanafika kwenye moshi kabla hujamaliza kumsimulia jirani habari za wajukuu. Nyama yako haikupata rangi kwa sababu uliijaza sufuria hadi pembeni na hukuikausha. Maji yakiwa juu ya nyama, uso wake unabaki karibu na 100°C hadi yaishe, na ile rangi ya kahawia inataka kama 140 na kuendelea. Hata ungepewa tanuru la mhunzi, nyama iliyolowa ingechemka kwanza.

Kosa moja la induksheni nalikubali. Ukiinua sufuria kurusha mboga kama ulivyoona kwenye televisheni, joto linakatika pale pale. Jiko linadhani umeondoka. Basi usirushe. Koroga. Meli ikiyumba utanishukuru.

Madarasa haya ya kila mtu na jiko lake si ya zamani sana. Kabla yake yalikuwa maonyesho: mpishi jukwaani, kioo juu ya kichwa chake, wageni na glasi zao. Meli ya Marina ya kampuni ya Oceania ilipoanza kazi 2011 ilikuja na shule yenye vituo 24 vya kupikia, Seven Seas Explorer ya Regent ya 2016 ikaja na vituo 18, na Silver Moon ya Silversea, iliyoanza kubeba abiria 2021, ikaunganisha maabara ya mapishi na vyakula vya bandari ambazo meli inapita. Mimi naipenda hii ya mwisho zaidi, kwa sababu mtu aliyeona samaki sokoni asubuhi ananiuliza maswali bora mchana.

Ila kuna jambo linalonisumbua na sina jibu. Nawafundisha watu kwa jiko lenye namba, viungo vilivyopimwa kwenye vibakuli, vitunguu vilivyokwisha kukatwa, na mtu anayeosha sufuria nyuma yao. Wanatoka na risotto nzuri. Je, wamejifunza risotto, au wamejifunza kufuata sauti yangu? "Namba 6 hadi nikuambie." Akirudi nyumbani kwenye jiko lake, namba 6 ni kitu kingine. Nimeanza kuwaambia wasikilize mlio wa mafuta badala ya kuangalia namba, na nusu yao wananikasirikia, maana wamekuja na kalamu wanataka namba. Labda wana haki. Wako likizo.

Na la pili ni lile pipa. Sheria ya saa nne naiamini. Lakini naitekeleza kila siku na bado mkono unasita. Mabaki ya chakula yanasagwa vipande visivyozidi milimita 25, na kwa kanuni za MARPOL, mkataba wa kuzuia uchafuzi wa bahari, yaliyosagwa yanaweza kumwagwa meli ikiwa safarini zaidi ya maili 3 za baharini kutoka nchi kavu, yasiyosagwa zaidi ya maili 12. Kwenye maeneo maalumu kama Mediterania lazima yasagwe na pia uvuke 12. Kwa hiyo anayekula kiporo cha bufee yupo. Ni samaki.

Nilimwambia hivyo yule bwana siku ya mwisho, nilipomkuta juu kwenye foleni ya nyama za kuchoma, kandambili miguuni. Alifikiri kidogo, akasogeza sahani kwa mhudumu, akaniuliza ile mikia ya fileti inatoka saa ngapi.