Maji Meupe ya Luiche

Nimeletewa tena chupa ya soda iliyojazwa maji ya mto Luiche, huku Kigoma, meupe pee, na swali ni lile lile: "Mtaalamu, haya si masafi?" Jamani! Weupe unakuambia tope ni kidogo, basi. Nitreti na fosfeti, chumvi za mbolea na kinyesi, zikiyeyuka hazina rangi, na E. koli (bakteria wa kinyesi) 500 kwenye mililita 100 huzioni hata ukiinua chupa juani.

Kwa sampuli ya bakteria, chukua chupa iliyotakaswa kwa joto, ifungulie mtoni, mdomo uelekee maji yanakotoka, sentimita 20 hivi chini ya uso. Usiijaze pomoni. Iingie kwenye deli la barafu, ifike maabara ndani ya saa 6. Ikishinda kwenye basi la kutoka Kasulu, utapima safari, si mto. Chuja kwa karatasi yenye matundu ya mikroni 0.45 inayonasa bakteria, iweke kwenye sahani yenye chakula chao, kisha inkubeta (kabati la joto) nyuzi 35 saa 2, halafu 44.5 saa 22. Masika usichuje mililita 100 peke yake: karatasi inaziba na koloni, yaani vidoa vya bakteria waliozaliana, zinapandana. Chuja na 10, na 1. Hesabu sahani yenye koloni 20 hadi 80.

Fosfeti ina chupa yake, iliyosuuzwa kwa asidi. Sabuni nyingine zina fosfeti! Chujia hapo hapo ukingoni, maana hung'ang'ania chembe za udongo. Ndiyo maana mvua kubwa ya kwanza hubeba nyingi kuliko wiki nzima za kiangazi, nanyi mnapima Agosti.

Sasa kinachonikera hasa: "nitreti 12". Kumi na mbili ya nini? Kama ni miligramu kwa lita za nitreti yenyewe, uko mbali na kikomo cha WHO cha 50 kwa maji ya kunywa. Kama ni za nitrojeni iliyomo, zidisha kwa 4.43 upate 53: umevuka. Mashine nyingi husoma nitrojeni, mwandishi wa ripoti ananakili namba, kipimo kinapotelea njiani, na mezani watu wazima wanabishana juu ya mto ule ule. Andikeni kipimo kizima!

E. koli nazo zina utata. Kwenye joto kama letu zinaweza kuishi, hata kuzaliana, kwenye udongo na mchanga wa mtoni, kwa hiyo hesabu kubwa si lazima iwe kinyesi cha jana. Sina dawa ya hilo. Ninachofanya ni kuchota pia upande wa juu wa mto, kabla haujafika kwenye makazi, siku hiyo hiyo, na kulinganisha.