"Badilisha Tu, Tutaelewana": Kazi Inapogeuka Mteja Akishakubali Bei

Daftari lililoletwa mezani kwangu lilikuwa na ukurasa mmoja wa maana. Juu pameandikwa "vitanda 12, 5x6, mninga". Ile 5 imekatwa kwa kalamu nyekundu, ikaandikwa 6. Hakuna tarehe, hakuna bei mpya, hakuna sahihi. Fundi, seremala wa hapa Tabora mjini, anadai nyongeza. Mama mwenye nyumba ya wageni anasema bei ilishakubaliwa na advansi alishatoa, nyongeza ya nini tena?

Wote wawili walikuwa wakweli. Magodoro yalishuka kwenye lori yakiwa sita kwa sita, mama akapiga simu: "Fundi, badilisha tu, tutaelewana." Fundi akajibu, "Haina shida, mama." Katika kazi yangu ya kushauri wenye karakana, hilo "tutaelewana" limeniletea migogoro mingi kuliko utapeli.

Mteja akishakubali makadirio yako, iwe kwa kusaini, kwa kutoa LPO (hati ya kuagiza kazi au bidhaa) au kwa kulipa advansi na kukuambia anza, hapo pana mkataba. Kwa Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, hakuna kati yenu anayeweza kuugeuza peke yake. Mabadiliko ni makubaliano mengine madogo juu ya yale ya kwanza, na yanataka ridhaa ya pande zote mbili. Ya mdomo nayo ni makubaliano, ila siku ya kuyathibitisha kila mtu anakumbuka ya kwake.

Tufanye hesabu ambayo fundi yule hakuifanya. Tuseme kila kitanda ni shilingi 350,000, jumla 4,200,000. Kupanua kitanda kunaongeza mbao na chaga za 55,000. Kwa vitanda 12 ni 660,000. Lakini vitanda vinne vilishakatwa, na mbao ya futi tano huwezi kuivuta iwe sita. Kazi na mbao zilizopotea, 30,000 kwa kila kimoja, ni 120,000. Nyongeza yote ni 780,000, bei mpya 4,980,000. Hiyo 120,000 ndiyo mafundi wengi huisahau, nayo ndiyo mteja huibishia zaidi akiisikia mwishoni.

Kisha kuna siku. Mninga haununuliwi kama sukari. Lazima uwe umevunwa kihalali, na kibali cha TFS, Wakala wa Huduma za Misitu, cha kuusafirisha kiwepo. Tena uwe umekauka, maana mbao mbichi itajikunja ikiwa tayari ni kitanda. Ukikubali mabadiliko bila kusogeza tarehe ya kukabidhi, umejiwekea deni la pili.

Kwa hiyo simu ikiingia, weka msumeno chini kwanza. Mtumie mteja ujumbe siku hiyo hiyo: kinachobadilika, kilichokwisha kufanyika, bei inayoongezeka, siku zinazoongezeka na kiasi cha kulipwa kabla ya kuendelea. Mwombe ajibu kwa maandishi kwamba amekubali. WhatsApp inatosha, tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, ujumbe wa simu unaweza kupokelewa mahakamani kama ushahidi. Usiufute.

Najua ugumu uliopo. Kwetu kumtolea karatasi mtu mnayefahamiana ni kama kumwambia humwamini. Mwambie hivi: "Mama, naandika kwa sababu nasahau." Sijaona aliyekasirika.

Angalia pia anayeagiza ni nani. Wenye mali wengi wako Dar es Salaam, hapa wameacha msimamizi. Msimamizi akisema ongeza rafu, hiyo si sauti ya mwenye fedha mpaka mwenye fedha aseme. Jina na namba ya mwenye mamlaka ya kubadilisha viandikwe kwenye makadirio tangu mwanzo. Kazi za serikali ndiyo kabisa: neno la mwalimu mkuu kuhusu madawati halitoshi, subiri idhini ya maandishi ya taasisi iliyokupa kazi.

Na wateja nao wasionewe. Fundi aliyepima vibaya mlango hana mabadiliko ya kudai. Hilo ni kosa lake, arekebishe kwa gharama yake. Ila mteja anayepunguza vitanda kutoka 12 hadi tisa wakati mbao zimeshanunuliwa asitegemee kwamba bei ya vile vitatu itashuka yote.

Kesi yetu iliishia kwa mama kulipa mbao za nyongeza na fundi kumeza zile zilizokatwa. Kabla hawajaondoka fundi akauliza: je, mteja akiomba kitasa kimoja cha ziada, nacho niandike? Ukimpa bure, mpe. Lakini kiandike kwenye orodha ile ile, na mbele yake uweke Sh 0, ili akiomba cha nne wote mwone vitatu vilivyotangulia.